Darasa la nne na hawajui kusoma: pa kuanzia

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa shule ya kijijini, hii ni yako. Umepewa darasa la nne, unaingia unakuta watoto 118, madawati hayatoshi, wengine wako chini sakafuni, unaandika ubaoni "Mama anapika ugali" unamwita mmoja asome, anakodolea ubao midomo inacheza sauti haitoki. Unaita wa pili, wa tatu, hivohivo. Ndo unagundua nusu ya darasa wamefika hapo kwa kunakili tu, mwandiko mzuri kabisa ila ukimuuliza kaandika nini hajui.

Usianze kumlaumu aliyewafundisha la kwanza. Elimu bila malipo ilipoanza hapa Tanzania 2016 watoto waliingia kwa wingi, na ni jambo jema kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 45, sasa piga hesabu mwenyewe. Na upimaji wa kitaifa wa la nne hauangalii hayo, karatasi ni ileile anayopewa mtoto wa mjini mwenye vitabu nyumbani na tuisheni jioni.

Kwanza wapime, na usipime darasa zima kwa mpigo, pima mmoja mmoja. Chukua karatasi moja, andika silabi kumi, chini yake maneno kumi, kisha aya fupi, mwisho kihadithi. Wale watafiti wa Uwezo wanaopita majumbani kupima watoto kusoma wanapima kwa mtindo huohuo, kiwango cha darasa la pili kwa kila mtoto awe wa la tatu awe wa la saba. Dakika tatu zinatosha, kwa watoto 118 ni kama saa sita, mimi niligawa wiki nzima, mapumziko na baada ya vipindi. Kaa nae nje chini ya mti, mbali na masikio ya wenzake, maana mtoto akishachekwa mara moja hafungui tena mdomo.

Hapo kuna mtego. Kuna kijana alinisomea ukurasa mzima wa kitabu, anateleza tu, kidole kinafuata mistari, nikafurahi hadi nilipoona kidole kiko mstari wa pili na sauti iko mstari wa nne! Nikaziba ukurasa kwa kiganja nikamwachia neno moja tu, "gari". Kimya. Alikuwa amekariri kitabu chote kwa kuwasikiliza wenzake, yaani akili anayo tena nyingi, kusoma ndo hajui. Kwa hiyo msomeshe kuanzia chini kwenda juu, au ziba na karatasi umwachie neno mojamoja.

Ukishawapima wapange kwa wanachokijua, achana na umri. Hii njia ilianzia India kwa shirika la Pratham na huku Afrika imeshaenea. Kundi la silabi, la maneno, la aya, basi. Ongea na mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wakupe saa moja kila siku, asubuhi kabla jua halijawa kali, na mkiweza unganisheni la tatu na la nne ili kila mwalimu ashike kundi moja. Majina ya makundi angalia, ukiita A, B na C watajua wenyewe nani mjinga. Mimi nayaita kwa mti wanapokaa, Mwembe, Mkwaju, Mbuyu.

Sasa kundi la silabi, hapa ndo kazi ilipo. Ule wimbo wa ba be bi bo bu uweke pembeni kwanza. Wanauimba tangu la kwanza, wanaujua kama wimbo, na ukimwonyesha "bo" peke yake anaanza kuimba toka mwanzo hadi aifikie. Nenda kwa muuza soda omba vizibo, andika kwa maka peni silabi moja kila kizibo, anza na ba, ma, ka, la, ta. Mpe mtoto vizibo vyake mkononi. Ka na ta, "kata". Vigeuze, "taka". Ba na ta, "bata". La na la, "lala". Siku anayogundua kwamba akigeuza vizibo neno linageuka utaiona usoni, na hapo usiongee, mwache acheze. Zile ngumu kama mba, nda, ng'a, nywa zinakuja baadae, wiki ya tatu hivi, usiharakishe. Karatasi ya manila ya kuandikia ikikosekana (na itakosekana, ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na sehemu inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu) tumia katoni na karatasi za mifuko ya simenti.

Kitu kingine kwa tulioko Usukumani. Mtoto akisoma "kura" akatamka "kula" usimkatishe, ule ni ulimi wa nyumbani, herufi kaiona vizuri. Na neno asilolielewa mwambie kwa Kisukuma au mwachie mwenzake amwambie, sio dhambi.

Utoro nao. Fungua daftari la mahudhurio uangalie siku, sio majina. Mimi niliona wanapotea Jumanne, kumbe ni siku ya mnada, basi silabi mpya nikahamishia Jumatano. Msimu wa palizi na wa kuvuna pamba wanapungua hata ufanyeje. Ukienda nyumbani nenda jioni ng'ombe wakisharudi, msalimie mzee wa mji kwanza, shikamoo babu, kaa kwenye kigoda ulichopewa, ongea mvua, ongea mifugo, mwanafunzi mtaje mwishoni. Alafu usiombe siku nzima. "Babu, naomba uniachie asubuhi tu, mchana akachunge." Wengi wanakubali, ila akija mwalimu na mambo ya kumpeleka mtu kwa mtendaji mtoto anafichwa kwa mjomba kijiji cha tatu.

Uji ukiwepo mahudhurio yanapanda, ila mahindi ya wazazi yapitie kamati ya shule na yawe ya hiari. Wewe usiguse hata debe moja, utaambiwa unachangisha.

Baada ya wiki sita pima tena, maneno mengine, mtindo uleule. Aliyevuka ahamie mti mwingine siku hiyohiyo, usisubiri muhula uishe. Asiyesogea hata kidogo kwa mara mbili mfululizo usimwite mzito, simama nyuma yake hatua tatu unong'one jina lake, asipogeuka mpeleke zahanati. Macho pia, mwambie asome ubao toka dawati la nyuma kisha toka la mbele. Kuna binti nilimwita mzembe miezi miwili kumbe masikio yote yanatoa usaha, na nyumbani walishazoea tu kumpigia kelele. Kunong'ona siku hizi nafanya wiki ya kwanza, kabla hata ya ile karatasi ya silabi.