Likizo ya Lushoto kwa Fedha Kidogo: Namna ya Kuipanga

Watu wengi hupanga likizo kwa kuchagua kwanza siku watakazokaa, kisha huanza kuzitafutia fedha, na ndiyo maana wengine hurudi nyumbani na deni. Mwenye fedha kidogo anapaswa kuanza upande wa pili: aijue fedha aliyo nayo, kisha aiachie hiyo fedha iamue idadi ya siku. Nitaeleza hesabu hiyo kwa safari ya Dar es Salaam hadi Lushoto, mji wa milima ya Usambara Magharibi ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, kwa sababu huko starehe kubwa ni ubaridi, mandhari na matembezi, vitu ambavyo ama havilipiwi kabisa au hulipiwa kidogo.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto wawili waliojiwekea shilingi 600,000. Fedha ya kwanza kutengwa ni nauli, nayo ianze na ile ya kurudi, ambayo ni vyema ibaki kwenye simu bila kuguswa hata kama mtoto amelilia nini. Tuseme nauli zote za kwenda na kurudi zinafika 180,000, na nyingine 60,000 zimewekwa kwa ajili ya dharura kama vile homa ya usiku au basi kuharibika. Zinabaki 360,000. Ikiwa siku moja, pamoja na chumba, chakula na bodaboda, itagharimu 90,000, basi familia hiyo ina siku nne. Bei hizi ni za mfano tu. Piga simu uulize za wakati huo, lakini mpangilio wa hesabu usiubadilishe.

Wakati wa kusafiri hupunguza au huongeza gharama kuliko jambo jingine lolote. Barabara ya kwenda Lushoto ni hiyohiyo ya Moshi na Arusha, inayopita Chalinze, Segera na Korogwe, kabla ya kuiacha pale Mombo. Kwa hiyo wiki ya Krismasi utagombea viti na ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaokwenda “kuhesabiwa”, yaani kula sikukuu nyumbani kwao, na wapiga debe wanalijua hilo kuliko wewe. Isitoshe, Januari inakungoja na ada na sare za shule. Wenye watoto wanaosoma wataona likizo ya Juni ni nafuu zaidi, ingawa Lushoto ya Juni ni baridi kwelikweli na masweta ni ya lazima; yanunueni mapema kwenye mitumba, si baada ya kufika mkitetemeka. Asiyefungwa na ratiba ya shule achague Septemba, au Februari kabla ya masika kuanza.

Kata tiketi siku kadhaa kabla, katika ofisi ya basi au kwa simu, na uilinganishe nauli unayotajiwa na nauli kikomo inayotangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Basi linalofika Lushoto moja kwa moja ni bora kwa mwenye watoto na mizigo. Ukipanda la Arusha na kushuka Mombo, bado utahitaji gari dogo la kupanda kilomita 33 hivi za kona, na baadhi ya mabasi hayo hutoza nauli ya safari nzima. Ondoka alfajiri. Mimi niliwahi kufika Mombo usiku, nikalazimika kulipia chumba ambacho hakikuwa kwenye hesabu yangu.

Kuhusu malazi, tafuta gesti ya kawaida au hosteli ya kanisa, na kabla ya kutuma fedha uliza mambo matatu: kama kuna maji ya moto, kama kifungua kinywa kimo katika bei, na kama watoto wanaruhusiwa kulala chumba kimoja na wazazi. Swali la tatu ndilo linaloweza kukuokolea bei ya chumba kizima. Chakula cha mchana kileni kwa mama ntilie, ambapo viazi, maharage na mboga za majani havikusafiri mbali kufika sahani yako. Jioni matunda ya sokoni na mkate yatatosha.

Matembezi ya kwenda kwenye jabali la Irente, kilomita sita hivi kutoka mjini, yanaweza kujaza siku nzima. Nendeni kwa miguu polepole na kurudi kwa bodaboda ikiwa watoto wamechoka. Kutoka juu ya jabali mtaiona nyika ya Mazinde ikiwa chini kabisa. Kwa msitu wa Magamba, wenye mbega, beba kitambulisho cha taifa, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mwongozaji mara nyingi hulipwa kwa kundi, hivyo ulizeni wageni wenzenu wa gestini kama wangependa kuchangia, na bei ikubalike kabla ya hatua ya kwanza.

Zawadi zinunuliwe siku ya mwisho, kwa kile kilichobaki. Ukikuta msimu wa mapeasi na plamsi, chagua yaliyo magumu bado, uyapange kwenye kikapu na si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa yaliyoiva yatafika Dar es Salaam yakiwa uji.