Changu: kumtambua, kumchagua sokoni na kumpaka nazi bila kumkausha

Samaki changu huishi miambani na kwenye nyasi za bahari, na hula kaa, konokono na samaki wadogo wa chini. Si msafiri kama jodari. Hutulia, kisha huchomoka ghafla, na misuli ya kazi hiyo haihitaji damu nyingi, ndiyo maana nyama yake ni nyeupe. Mafuta yake ni machache pia. Hapo ndipo wengi humharibu: dakika tano za ziada motoni, nyama inakuwa kama pamba.

Huvuliwa kwa mshipi, dema (mtego wa kusuka) na nyavu, kwa hiyo soko lake hufuata upepo. Kusi likivuma, tangu kama Aprili hadi Septemba, vyombo vidogo hushindwa kutoka mara kwa mara na changu mzuri huadimika. Kaskazi bahari hutulia na uchaguzi huwa mpana.

Aina ni nyingi. Changu doa ana doa jeusi ubavuni, na wengi humchanganya na samaki mwingine aitwaye tembo, ambaye naye ana doa. Tazama shavu, chini ya jicho: la changu halina magamba, la tembo linayo.

Sokoni anza na jicho. Liwe angavu na limejaa. Likidumbukia na kuwa na ukungu, amekaa. Funua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu na yenye harufu ya bahari, si ya kahawia wala ya utelezi mzito. Akishaondolewa matamvua, muuzaji amekunyima ushahidi mkubwa, achana naye. Mbonyeze mgongoni, shimo lazima lirudi mara moja. Ukimshika kichwa na mwili ukabaki umenyooka bila kulegea, amekufa karibuni, ili mradi hakutoka kwenye friza.

Kagua pia alivyovuliwa. Samaki wa baruti huwa na uti uliovunjika, damu iliyovilia kando ya mfupa na tumbo lililopasuka ndani, na nyama yake hulegea upesi. Usimnunue hata kwa bei ya kutupa: kwa Tanzania uvuvi huo ni kosa kisheria, na kila mlipuko huvunja mwamba ambao changu wa kesho angekulia. Vichangu vya ukubwa wa kiganja viache pia, havijazaa.

Nenda sokoni na barafu. Kwa joto la pwani, kilo moja ya samaki inataka kilo moja ya barafu iliyopondwa, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea, maana samaki anayeloweka hupoteza ladha. Nyumbani mpaa magamba akiwa na majimaji, kutoka mkiani kwenda kichwani. Mpasue tumbo kwa juujuu ili usitoboe nyongo. Ikipasuka, uchungu hautoki. Kwangua damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo, kwa sababu ndiyo inayonuka kwanza. Suuza haraka, kisha mkaushe kabisa kwa kitambaa.

Kwa changu wa kilo moja, mchanje mara tatu kila upande hadi mfupani. Twanga punje 5 za kitunguu thomu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na pilipili mbichi moja. Ongeza chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, bizari ya manjano nusu kijiko na maji ya ndimu moja. Mpake hadi ndani ya michanjo na umwache dakika 20. Usimlaze na ndimu usiku kucha: ukali wake huikaza nyama kabla hata ya moto.

Wakati huo bandika tui zito la nazi mbili, kama mililita 400, na chumvi, bizari na kitunguu thomu kidogo. Koroga bila kuacha hadi lianze kuchemka, la sivyo litakatika na mafuta yajitenge. Liache moto mdogo mpaka liwe zito kama uji, ndipo utie vijiko viwili vya rojo la ukwaju.

Makaa yafunikwe na majivu meupe, na wavu upate moto na mafuta kabla ya samaki. Mchome dakika 8 hadi 10 kila upande. Aking'ang'ania wavu, ngozi haijakauka. Subiri dakika moja, usimlazimishe. Anapokaribia kuiva, mpake tui pande zote, mgeuze, mpake tena. Ukilipaka mapema nazi itaungua na ndani bado mbichi. Ameiva pezi la mgongoni linapong'oka kwa urahisi na nyama ya karibu na mfupa imeacha kung'aa kama kioo. Mwepue hapo hapo. Joto lililobaki litamalizia, na tui lililosalia mmwagie sahanini.