Upenu wa bati kwenye baraza: kuununua na kuufunga hapa Mombasa

Mtu akiniuliza habari ya upenu wa bati, swali lake la kwanza huwa ni bati gani. Mimi humwambia bati tutalifikia baadaye. Hapa kwetu upenu hauharibiki kwa kutoboka juu. Unaharibika kwa kung'oka ukutani, au kwa kuliwa na kutu upande wa chini ambao hakuna anayeutazama. Ninakaa Bamburi, na chumvi ya bahari hutufikia mpaka kwenye bawaba za milango. Nimesimamia upenu wa baraza langu, wa dada yangu kule Mikindani, na wa majirani kadhaa, na ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayomwambia kila anayeanza.

Tazama jua kwanza

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na upenu wowote utakupa kivuli. Taabu ni alasiri. Baraza langu linatazama magharibi, na mama yangu hupenda kukaa pale baada ya sala ya alasiri na ungo wake wa mchele. Saa kumi jua limeshateremka mpaka nyuzi 35 hivi kutoka usawa wa ardhi. Chukua upenu unaotokeza mita 2, ukingo wake wa mbele uko mita 2.4 kutoka sakafuni: saa hiyo mwanga wa jua unapita chini ya ukingo na kupiga ukuta kuanzia mita 1 kwenda chini. Aliyekaa kitini linamfika kifuani. Aliyekaa kwenye mkeka linampiga mwili mzima.

Kuongeza urefu wa bati kwenda mbele ni ghali na kunaongeza mzigo wa upepo. Afadhali uteremshe ukingo wa mbele mpaka mita 2.2 ikiwa hakuna mrefu nyumbani atakayegonga kichwa, kisha utundike pazia la mianzi la kushusha jioni. Baraza linalotazama mashariki lina nafuu, maana jua lake la chini ni la asubuhi. Kaskazini na kusini mita 1.5 zinatosha.

Mwinamo uwe nyuzi 10. Kwa upenu wa mita 2, upande wa ukutani uzidi upande wa mbele kwa sentimita 35. Pungufu ya hapo mvua ya masika ikija na upepo itarudi nyuma chini ya maungio ya bati.

Kabla hujatoa shilingi, zungumza na mwenye nyumba ikiwa umepanga, na uliza kwenye ofisi ya kaunti kuhusu kibali. Ukiwa Mji wa Kale usiguse ukuta bila ruhusa, ule ni mji unaohifadhiwa. Na maji ya upenu wako yasiangukie uwanja wa jirani, hata kama mnaelewana kama ndugu.

Nenda dukani na mizani

Paipu za mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na yenye unene wa milimita 1.2 na ya milimita 2 zinafanana kwa macho. Muuzaji atakwambia "hii ni nzito, mama", na huenda anaamini hivyo. Ipime. Paipu ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 14. Ya 1.5 haifiki kilo 11, na ya 1.2 haifiki 9. Duka la vifaa vya ujenzi lisilo na mizani ya kupimia misumari sijaliona. Kwa upenu wa Mombasa nunua ya milimita 2: ya 1.2 kutu ikishaanza haina unene wa kuilisha, na fundi akichomelea huipasua kwa moto.

Bati nalo lina namba, na namba ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 30 ina karibu milimita 0.3, geji 28 karibu 0.4. Nataka 28. Muhimu zaidi ya geji ni mpako wake. Bati la zinki tupu karibu na bahari hufifia haraka. Lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, alumini ikiwa zaidi ya nusu, hustahimili zaidi, na lililopakwa rangi kiwandani juu ya mchanganyiko huo hustahimili zaidi bado. Uliza gramu za mpako kwa kila mita ya mraba. 150 ni kiwango kizuri. Rangi chagua nyeupe au ya maziwa. Bati la kahawia au jekundu hupendeza, lakini ukikaa chini yake saa nane mchana utahisi joto lake utosini.

Agiza bati likatwe dukani kwa urefu wako kamili. Likikatwa nyumbani kwa grainda, cheche huunguza mpako na kila cheche iliyonata huota doa la kutu. Ikibidi kukata, tumia mkasi wa bati.

Skrubu ziwe za kuezekea, zenye washa ya mpira mweusi. Zile za rangi ya dhahabu za mafundi wa makabati usizikubali, hata ukiletewa bure.

Ukuta wako ni wa nini?

Hapa ndipo ninapomsumbua fundi. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa. Jiwe hilo ni zuri, linapumua, lakini ni laini na lina vitundu. Bolti ya kupanukia ikikazwa ndani yake hulipasua jiwe kutoka ndani, na plasta haikuonyeshi chochote. Inashika siku ya kufungwa, inashika wiki ile, halafu Kusi, upepo wa msimu kutoka kusini, inaanza.

Kwa Mikindani mazungumzo yalikuwa hivi:

"Fundi, bolti hizi zitashika wapi?"

"Ukutani, dada. Ni namba 12 hizi, haziendi popote."

"Ukutani kwenye jiwe au kwenye zege?"

Akanyamaza, akachukua nyundo, akaanza kugonga plasta juu ya mlango akisikiliza. Zege hulia kwa sauti kavu na ya juu. Jiwe la matumbawe hujibu kwa mlio mzito uliokufa. Akaipata linta, ile boriti ya zege iliyo juu ya mlango, akaichora kwa penseli kutoka mwisho mpaka mwisho, na paipu ya upenu inayokaa ukutani tukaifunga pale pale. Tangu hapo ninamheshimu sana yule kijana.

Basi fanya hivyo: tafuta linta au mkanda wa zege unaozunguka nyumba, ufunge hapo. Kama zege liko juu mno au chini mno, toboa ukuta mpaka upande wa pili, upitishe fimbo ya chuma ya milimita 12 yenye nyuzi za kukazia nati, na uweke bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10 ndani na nje kabla ya kukaza nati. Ndani bamba litaonekana. Lipake rangi ya ukuta. Njia ya tatu ni gundi maalumu ya kemikali inayojazwa kwenye tundu, lakini tundu lazima lisafishwe vumbi lote kwa brashi na kupulizwa, na mafundi wengi huharakisha hapo.

Sababu ya wasiwasi wangu ni hesabu hii. Upenu wa mita 4 kwa 2 una mita 8 za mraba, na bati lake lote lina uzito wa kilo 30 hivi. Upepo wa kilomita 70 kwa saa ukiingia chini yake unaweza kuusukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 190. Upenu hauanguki, unapaa. Kwa hiyo ukitokeza zaidi ya mita 1.2 usiutegemeze kwa ukuta peke yake, weka nguzo mbili mbele. Kila nguzo ichimbiwe shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 45, lijazwe zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Zege hilo lina uzito unaokaribia kilo 100, na ndilo nanga yako. Nguzo isizikwe ndani yake. Iwe na bamba chini, ifungwe kwa bolti juu ya zege lililoinuliwa sentimita 5 kutoka sakafuni, maji yasituame kwenye shina lake.

Kuchomelea na kupaka

Fremu ichomelewe chini, uwanjani, ikaguliwe, ipakwe rangi, ndipo ipandishwe. Fundi atataka kuchomelea akiwa juu ya ngazi na kupaka rangi mwisho. Ukikubali, sehemu zinazogusana na ukuta na zinazokaliwa na bati hazitapata rangi kamwe, na kutu huanzia hapo hapo.

Kila mwisho wa paipu uzibwe kwa kibamba kilichochomelewa pande zote. Paipu iliyo wazi hunywa hewa ya chumvi na kuoza kutoka ndani, ukija kujua kidole kinapenya. Baada ya kuchomelea, piga brashi ya waya mpaka makoko ya moto yatoke, paka rangi ya zinki kwenye maungio, kisha rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha ya juu mara mbili. Ikiwa paipu ina mpako wa zinki, fundi auondoe kwa grainda mahali pa kuchomelea na afanye kazi penye upepo, maana moshi wa zinki humpa mtu homa usiku.

Mbao za kushikia bati sipendi pwani, kwa sababu ya mchwa. Tumia paipu za kukingama, moja kila sentimita 90, na ya mbele kabisa iwe sentimita 5 tu nyuma ya ukingo wa bati. Bati linaloning'inia zaidi ya hapo hupigapiga usiku kucha.

Panga bati ukianzia upande ambao upepo unaelekea. Kwa baraza la magharibi kama langu, Kusi hutoka upande wa mkono wa kushoto ukiwa umesimama mlangoni ukitazama nje. Basi nilianzia mwisho wa kulia, kila bati jipya likipanda juu ya lililotangulia, ili mdomo wa maungio uupe upepo mgongo. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, na zikazwe mpaka mpira uguse na kutanuka kidogo. Mpira ukichomoza kama ulimi umekazwa kupita kiasi na utapasuka kwa jua. Ukingo wa mbele na wa pembeni skrubu kila mgongo. Katikati unaweza kuruka mgongo mmoja. Kabla hamjashuka, fagieni chembe zote za chuma za drili. Zikilala usiku mmoja na umande, asubuhi bati jipya lina madoadoa.

Ukutani, fundi akate mfereji wa sentimita 2 kwenye plasta, aingize ukingo wa bati la kuzuia maji, azibe kwa silikoni ya nje. Wengi huziba kwa saruji. Saruji mbichi hula mpako wa alumini, na ikikauka hupasuka bati linapotanuka na jua. Angalia pia mtambo wa kupoza hewa: maji yanayotiririka kutoka kwenye mabomba yake ya shaba yakidondokea bati, yatalitoboa pale pale. Yaelekeze kando kwa mpira.

Gata, yaani mfereji wa kukinga maji kwenye ukingo wa bati, usiliache. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 30, ambayo mwezi wa Mei si ajabu, juu ya mita zako 8 ni lita 240, yaani mitungi 12. Kwa anayenunua maji kwa mkokoteni hiyo ni pesa. Maji ya mwanzo yaache yamwagike, yana vumbi na kinyesi cha kunguru.

Kuosha chini

Juu ya upenu mvua huosha. Chini haifiki, na chumvi inayobebwa na upepo hubaki imeganda kwenye bati na kwenye paipu, ikivuta unyevu kila usiku. Ndiyo maana upenu wa Bamburi au Nyali huota kutu chini ukiwa bado unang'aa juu. Chukua ndoo ya maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo na brashi laini ya mpini mrefu. Osha upande wa chini, vichwa vya bolti na shina la nguzo, kisha suuza. Mara moja kwa mwezi ukiwa karibu na ufuo, kila baada ya miezi mitatu ukiwa mbali na ufuo, kama Mikindani au Changamwe.

Januari na Februari, wakati hakuna mvua, panda ngazi na ukague kabla ya masika. Ukiona rangi imevimba kama lengelenge, kwangua mpaka chuma cheupe, msasa, zinki, rangi, siku hiyo hiyo. Skrubu iliyoota kutu itoe uweke mpya iliyo nene hatua moja, kwani tundu la zamani limeshalegea. Bolti za ukutani zijaribu kwa spana: ikizunguka bila kukaza, usiilazimishe, hamia kwenye tundu jipya ndani ya zege.