Somo la hesabu kwa maji kupwa na kujaa: ninavyolifundisha Lamu

Mwalimu mwenzangu wa Shela aliniomba nimwandikie somo hili baada ya kuliona darasani kwangu, Gredi ya 6. Alitaka kujua mbona watoto wote walikuwa wakisema, hata wale ambao huinamisha vichwa hesabu inapoanza. Ni kwa sababu hakuna mtoto wa Lamu asiyejua kwamba maji yakipwa, mashua hukwama. Hesabu inaanzia kwenye jambo ambalo kila mmoja ana la kusema.

Hatua ya 1. Anza karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, majira ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi. Siku hizo maji hujaa mwendo wa saa kumi alasiri, shule ikishafungwa.

Hatua ya 2. Tafuta jedwali la maji lililochapishwa, unakili nyakati za kujaa za siku saba kwenye karatasi ya manila. Funika siku ya tatu. Projekta siitaki katika somo hili hata ikiwepo. Ikizimwa, hesabu imeondoka, ilhali manila hubaki ukutani na mtoto akairudia wakati wa mapumziko.

Hatua ya 3. Badilisheni saa.

Hapa nilipoteza vipindi viwili vizima mara ya kwanza. Jedwali huandikwa kwa saa 24, nasi twahesabu tangu jua kuchomoza na tangu kuchwa. Niliwaambia watoto "toeni sita", nikadhani nimemaliza. 16:05 ikawapa saa kumi na dakika tano, sawa kabisa. Ikaja 05:20. Kwenye tano haitoki sita, kwa hivyo wakageuza: sita toa tano, moja. Nusu ya darasa wakaandika saa moja na dakika ishirini, nami nikazipitia daftari zao kwa wino mwekundu. Darasa likanyamaza. Kosa lilikuwa la kanuni niliyowapa.

Sasa nachora duara kubwa sakafuni kwa chaki na kupanga vijiwe 12 vyenye namba, kama uso wa saa. Mtoto husimama kwenye saa ya jedwali (ikizidi 12, kwanza atoe 12), kisha huvuka duara hadi kijiwe kinachomkabili. Wa 5 hufika 11, yaani saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Wa 4 hufika 10. Dakika hazibadiliki. Wakishavuka mara nyingi, waulize mbona kuongeza sita na kutoa sita kunafikisha mahali pamoja. Usijibu wewe, hata kimya kikikusumbua. Kwangu alijibu msichana ambaye sikuwahi kumsikia akisema muhula mzima. Alitembea vijiwe sita upande mmoja, akarudi, akatembea sita upande wa pili. "Duara ni sita na sita, mwalimu."

Kuna tahadhari mbili. 00:15 haina kijiwe, basi sufuri isimame kwenye 12. Ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi. Jedwali hubadilisha tarehe saa sita usiku, lakini nyumbani siku hubadilika jua likichwa. Bibi akisema "usiku wa Ijumaa", ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye jedwali bado ni Alhamisi mpaka saa sita. Kufika siku ya sita maji yalikuwa yanajaa baada ya magharibi, na daftari za watoto waliouliza nyumbani zikapishana na zangu kwa siku nzima. Nilikaa jioni nikitafuta kosa la kutoa ambalo halikuwapo. Andikeni "usiku wa kuamkia" kila mara, na usimwambie mtoto yeyote kwamba bibi yake amekosea.

Hatua ya 4. Tafuteni maji yamechelewa kiasi gani kutoka siku hadi siku. Kutoka 15:27 hadi 16:05, wengi watatoa kama desimali wapate 78. Warukie saa kamili: dakika 33 hadi 16:00, kisha 5, jumla 38. Vitabu husema dakika 50 hivi kwa siku, lakini huo ni wastani. Karibu na bamvua huwa pungufu, na kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huzidi saa nzima. Mwenye 38 usimkosoe.

Nawapanga watatu watatu: msomaji, mvukaji na mwandishi, nao hubadilishana kazi kwa kila siku ya jedwali. Mtoto wa mvuvi asiachiwe majibu yote, na aliyetoka bara asiachwe aandike tu.

Hatua ya 5. Kila kundi likadirie saa ya siku iliyofunikwa, liandike na kukunja karatasi. Siku hiyo nendeni ngazi za gati pamoja na mtu mzima mwingine, na asishuke mtoto chini ya ngazi kavu. Hesabuni ngazi kavu kila dakika 10 mpaka zisipungue tena. Maji yakijaa husimama kidogo na mashua huleta mawimbi, kwa hivyo kundi lililokosea kwa dakika 15 mimi hulihesabu limepata. Hapo ndipo karatasi zifunguliwe, na manila ifunuliwe kesho yake.

Wiki inayofuata rudieni kwenye maji mafu. Ngazi zitakazozama zitakuwa chache na zile 38 zitakuwa zimepanda sana. Watakuuliza kwa nini kabla hujaifikia meza yako.