Jinsi ya kupiga MRI ya mapafu yenye ugonjwa sugu usiambulie giza

Ukiweka mapafu kwenye MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwa setingi zilezile za ubongo au goti utapata weusi tu, na wengi wakiona hivo wanarudi zao kwenye siti skani. Sababu ni kwamba MRI inasikiliza haidrojeni ya kwenye maji na mafuta, sasa mapafu karibu yote ni hewa, nyama kidogo sana, alafu ile mipaka ya hewa na nyama iliyojaa mle ndani inavuruga sumaku mpaka mawimbi yanakufa ndani ya milisekunde 1 au 2 kwenye mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), na kwenye Tesla 3 yanakufa mapema zaidi. Kwahiyo kama unaweza kuchagua mashine, usikimbilie yenye nguvu kubwa. Tumia 1.5, hata zile za 0.55 kwa mapafu zinafaa sana.

Anza na swali lako. Unataka kuona umbo, yaani makovu, njia za hewa zilizotanuka, makohozi yaliyoziba? Tumia sikwensi ya UTE, yaani mpangilio wa upigaji wa haraka sana, hii inadaka mawimbi chini ya milisekunde 0.1 kabla hayajafa. Unataka kujua damu inafika wapi? Ni gadolini, ile dawa ya kung'arisha picha, kwenye mshipa, ila figo zipimwe kwanza. Unataka kujua hewa inafika wapi kwa mtu mwenye pumu au COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa)? Hapo ndo gesi ya zenoni-129 inapoingia, na mimi hapa ndo moyo wangu ulipo.

Zenoni inaandaliwa kwa leza kwenye mashine yake maalum, ikitoka huko inatoa mawimbi makali mara elfu nyingi kuliko kawaida. Inawekwa kwenye mfuko, mara nyingi lita moja pamoja na nitrojeni, mgonjwa anavuta, anabana pumzi kama sekunde 10 hivi, unapiga. Oksijeni inaiua haraka kwahiyo huo mfuko usafishe kwa nitrojeni kabla ya kujaza. Na hakikisha mapema mashine yako inasikia zenoni, maana kwenye Tesla 1.5 iko karibu megahezi 17.7 wakati haidrojeni iko karibu 64, koili ya kawaida, yaani antena ya kudaka mawimbi, haitasikia kitu. Marekani waliiidhinisha Desemba 2022 kwa wenye miaka 12 na kuendelea.

Sasa pumzi. Naomba hapa usipite haraka, maana picha nyingi zinaharibikia hapa wala sio kwenye mashine. Mfundishe mgonjwa akiwa nje, amelala chali kabisa, kwa mfuko wa hewa ya kawaida: toa pumzi kawaida usisukume, vuta wote, bana. Rudia mpaka azoee. Mtu mwenye COPD akilala chali anabanwa, anaogopa, kwahiyo mwekee kipimo cha oksijeni kidoleni na umwambie mapema kwamba zenoni inaweza kumpa kizunguzungu kidogo na kinaisha baada ya muda mfupi. Kama anatumia mtungi wa oksijeni, ule wa chuma USIINGIE chumbani kabisa, sumaku itaurusha na unaua mtu. Betri ya moyo pia uliza, alafu uliza tena.

Ukishapata picha piga hesabu ni asilimia ngapi ya mapafu haikupata gesi. Ili upate hiyo unahitaji picha ya kawaida ya haidrojeni yenye ujazo uleule wa pumzi, ukivuta lita moja huku na nusu lita kule hesabu yote ni uongo. Zenoni pia inayeyuka, ikiwa kwenye utando wa vifuko vya hewa na ikiwa kwenye seli nyekundu inatoa frikwensi tofauti, ndo maana kwa mtu mwenye makovu ya mapafu unaona kabisa gesi imekwama kwenye utando haivuki vizuri kwenda kwenye damu. Kile kipimo cha kupuliza hakikuonyeshi hilo.

Huna zenoni? Mpige picha za haraka haraka akipumua mwenyewe dakika chache, alafu programu itenganishe mabadiliko ya pumzi na ya mapigo ya moyo, unapata ramani ya hewa na ya damu bila gesi wala sindano. Kwa watoto hii ni msaada mkubwa, na kwa kuwa hakuna mionzi unaweza kuwarudia miaka na miaka.

Ukiwarudia, andika saa waliyotumia dawa yao ya kuvuta na siku ya marudio iwe vilevile, maana dawa ikishafungua njia za hewa yale maeneo meusi yanajaa, na wewe utadhani ugonjwa umepungua.