Kompyuta ya Mezani Inapojiwasha: Mtafute Aliyetoa Amri

Usiku wa kwanza nilidhani nimesahau kuizima. Usiku wa pili nilibonyeza kitufe cha mbele, nikasubiri hadi skrini ikawa nyeusi, ndipo nikapanda kitandani. Feni ilivuma tena gizani, na saa ya ukutani ilikuwa saa nane kamili. Usiku wa tatu niliisubiri nikiwa macho. Saa nane ile ile.

Tangu hapo nimeshika mashine nyingi zenye tatizo hilo, na kila anayeniletea humwambia kwanza jambo moja: kompyuta haijiwashi. Kuna kitu kimeiamuru. Huenda ni ratiba iliyo ndani yake, kebo ya mtandao, kipanya, kitufe, au umeme wenyewe. Ukianza kubadilisha mipangilio kumi kwa pamoja, hata tatizo likiisha hutajua liliisha kwa nini, na likirudi utaanza tena sifuri. Badilisha kitu kimoja, lala, asubuhi tazama.

Chukua daftari. Kwa siku tatu au nne andika saa uliyoizima, uliizima kwa njia gani, iliwaka saa ngapi, na nini kilikuwa kikiendelea nyumbani. Umeme ulikatika ukarudi? Kuna aliyepita na kugusa meza? Wengi huona hatua hii inapoteza muda, lakini daftari limenipa jibu mara nyingi kuliko mita. Ikiwaka saa ile ile kila siku, ni ratiba. Ikiwaka umeme unaporudi, nenda moja kwa moja kwenye BIOS, programu ndogo iliyo kwenye bodi kuu ya kompyuta na inayoanza kabla ya Windows. Ikiwaka ovyo ovyo, shuku kipanya, mtandao au kitufe. Na ikiwaka sekunde chache tu baada ya kuizima, huenda haikuzimika kamwe: mfumo ulikwama katikati ya kuzima, ukajiwasha upya. Hapo ingia kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya “Startup and Recovery”, ondoa alama kwenye “Automatically restart”. Safari ijayo utaona ujumbe wa kosa badala ya mashine kuwaka tena, na mara nyingi ujumbe huo hukuelekeza kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) yenye hitilafu.

Halafu hakikisha unajua kama mashine ilikuwa imelala au imezimwa. Mimi kosa langu lilikuwa hapa. Kile kitufe cha mbele kilikuwa kimepangwa kuilaza, si kuizima, na skrini nyeusi haikuniambia tofauti. Ishara ni hii: iliyolala ikiamka, madirisha yako yote yapo pale pale ulipoyaacha. Iliyozimwa huanza na nembo ya mtengenezaji, kisha inapakia mfumo upya. Tena tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna hali ya katikati: ukiizima kwa njia ya kawaida, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa majaribio haya izime kabisa. Shikilia Shift unapobofya kuzima, au andika shutdown /s /t 0 kwenye dirisha la amri (Command Prompt). Ikitulia usiku kucha baada ya hapo, tafuta ndani ya Windows. Ikiwaka bado, tafuta kwenye BIOS na kwenye vifaa.

Kwa mashine inayoamka usingizini, Windows yenyewe hukutajia mhusika. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi. Asubuhi, kabla hujailaza tena, andika powercfg /lastwake, nayo itakuonyesha kilichoiamsha mara ya mwisho. Jioni andika powercfg /waketimers uone kama kuna kipima muda kinachosubiri. Kwangu lilitokea jina “Regular Maintenance”, na mbele yake 2:00 AM. Saa nane yangu ya usiku hiyo hapo! Ni matengenezo ya kila siku ya Windows, ambayo yana ruhusa ya kuamsha mashine ili yafanyike wakati mwenyewe hayupo. Nilitafuta “Automatic Maintenance” kwenye Control Panel, nikaondoa ruhusa hiyo, na nyumba ikatulia.

Kama jina ni jingine, ingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme (“Advanced power settings”), chini ya “Sleep”, ukute “Allow wake timers”, uzime. Usiridhike na chaguo la kati linaloruhusu vipima muda muhimu tu, kwa sababu masasisho ya mfumo huhesabiwa kuwa muhimu. Ukipekua kumbukumbu za matukio (Event Viewer), tafuta chanzo kinachoitwa Power-Troubleshooter. Humo mna saa ya kulala na saa ya kuamka, ila ikiwa mwishoni mwa saa kuna herufi Z, hiyo ni saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Igeuze kwanza kuwa ya kwenu kabla hujamlaumu mtu.

Vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha huonekana kwa powercfg /devicequery wake_armed. Kipanya cha mwanga hakihitaji mkono; meza ikitikiswa na mlango uliobamizwa, inatosha. Kichomoe usiku mmoja ujaribu. Ikiwa ndicho, nenda “Device Manager”, fungua sifa zake, na kwenye ukurasa wa umeme ondoa ruhusa ya kuamsha. Kibodi iachie ruhusa, la sivyo utabaki na kitufe cha mbele tu cha kuamshia.

Kadi ya mtandao ina njia yake. Huamshwa na ujumbe maalumu uitwao “magic packet”: baiti 6 zote zenye thamani FF, zikifuatwa na anwani ya kadi yenyewe iliyorudiwa mara 16. Huo haupatikani kwa bahati mbaya. Tatizo liko kwenye mpangilio wa pili, “Wake on Pattern Match”, unaokubali hata pakiti za kawaida zinazopita kwenye mtandao. Zima huo. Kama huna haja ya kuiwasha mashine ukiwa mbali, zima na “Wake on Magic Packet”. Jaribio la haraka ni kuchomoa kebo ya mtandao usiku mmoja.

Kwenye BIOS majina hutofautiana kati ya bodi na bodi, lakini tafuta mambo mawili. La kwanza ni linalohusu umeme kurudi, kwa mfano “Restore on AC Power Loss”: liweke “Power Off”. Ukiliacha “Last State”, mashine iliyokuwa inafanya kazi umeme ulipokatika itawaka umeme ukirudi. La pili ni kengele ya saa, kwa mfano “Resume by Alarm”; hiyo huweza kuwasha hata mashine iliyozimwa kabisa. Ukiona mipangilio hiyo inarudi ilivyokuwa na tarehe inarudi nyuma kila ukichomoa plagi, betri ya CR2032 kwenye bodi imechoka. Ni ya volti 3. Ibadilishe kabla hujaendelea.

Sasa kitufe. Aliyeniletea mashine moja alikuwa amekwishabadilisha Windows mara mbili, na bado ilikuwa inawaka wakati wowote. Nilichomoa plagi, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji iliyobaki, nikafungua kava. Kitufe cha plastiki hakikuwa kinarudi chote. Kilisimama unywele mmoja ndani, kimezibwa na vumbi lililoganda. Nilichomoa kwenye bodi kile kiunganishi kidogo cha nyaya mbili kilichoandikwa PWR SW, nikarudisha plagi, nikaiacha siku mbili. Kimya. Kuiwasha bila kitufe, unagusisha pini zile mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, kwa uangalifu, bila kugusa pini nyingine. Kitufe hakikufaa tena, nikahamishia waya za kitufe cha kuanzisha upya kwenye pini za kuwashia, na mwenyewe akawa anaiwashia hapo.

Ikiwa umechomoa kiunganishi hicho, kebo ya mtandao, kipanya na kibodi, BIOS iko sawa, na bado inawaka, kinachobaki ni pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) au bodi yenyewe. Jaribu kwanza pawasaplai nyingine inayojulikana ni nzima. Ile yako usiifungue: kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa. Tatizo likihama nayo, inunuliwe mpya. Likibaki, ni bodi, na wakati unaitafutia fundi, izime kwenye swichi ya nyuma kila usiku.