Kupima vifungo vya kikemia katika strontiamu titaneti kwa fotoemisheni ya eksirei

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili kuchambua spektra za SrTiO₃ (strontiamu titaneti), oksidi ya perovskaiti, yaani yenye mpangilio fulani wa atomu kwenye fuwele, ambayo maabara nyingi huanza nayo. Katika fotoemisheni, eksirei hung'oa elektroni kutoka kwenye sampuli; kila kilele cha spektra huonyesha nishati ya mshikamano, yaani jinsi elektroni ilivyoshikwa na atomu yake.

Hatua ya 1: Andaa sampuli. Usisafishe uso kwa ayoni za argoni, kwani hung'oa oksijeni na kugeuza Ti⁴⁺ kuwa Ti³⁺, nawe utabaki kupima uharibifu ulioufanya mwenyewe. Mimi hupasha fuwele moto ndani ya oksijeni.

Hatua ya 2: Dhibiti chaji. SrTiO₃ safi haipitishi umeme, kwani ina mwanya wa nishati (nishati ambayo elektroni huhitaji ili iweze kutembea) wa takriban 3.2 eV (elektronivolti), kwa hiyo elektroni zinazotoka hazifidiwi upesi, uso hubaki na chaji chanya, na vilele vyote husogea kuelekea nishati kubwa ya mshikamano. Vikisogea kwa pamoja hakuna hasara. Shida huja chaji isipoenea sawasawa, maana hapo kilele huota bega ambalo ni rahisi kulidhania hali mpya ya kikemia. Linganisha Sr 3d, Ti 2p na O 1s (vilele vya strontiamu, titaniamu na oksijeni, kila kimoja na obiti ambamo elektroni imetoka): bega likitokea kwa umbali uleule katika zote tatu, hiyo ni chaji. Rekebisha mkondo wa bunduki ya elektroni, inayorudishia uso elektroni zilizopotea, hadi upana wa Ti 2p₃/₂ usipungue tena. Kaboni ya uchafu, ambayo wengi huiweka kwenye 284.8 eV, usiitegemee peke yake, kwa sababu nafasi yake hubadilika kulingana na uso iliokalia; ripoti pia tofauti kati ya O 1s na Ti 2p₃/₂, takriban 71 eV, ambayo kusogea kwa pamoja hakuigusi. Kazi ikiruhusu, tumia fuwele yenye niobiamu kidogo, inayopitisha umeme, uepukane na adha hii yote.

Hatua ya 3: Tenganisha vilele. Ti 2p hugawanyika kuwa vilele viwili; Ti 2p₁/₂ ni kipana kuliko mwenzake Ti 2p₃/₂, usivilazimishe vilingane. Bega la O 1s karibu na 531.5 eV kwa kawaida ni hidroksili (OH) au kaboneti (CO₃) zilizoshika usoni. Kuliita nafasi tupu za oksijeni ni kosa lililozoeleka, kwani atomu isiyokuwepo haitoi elektroni. Nafasi hizo tupu zitafute kwenye kilele cha Ti³⁺, takriban 2 eV chini ya Ti⁴⁺.

Hatua ya 4: Soma kifungo chenyewe. Takriban 13 eV juu ya kilele kikuu cha Ti 2p kuna kilele kidogo cha satelaiti (cha pembeni, kinachoandamana na kile kikuu), kinachohusishwa na elektroni kuhama kutoka O 2p kwenda Ti 3d. Uhamaji huo unawezekana kwa sababu obiti hizo zimechanganyika. Ukipata muda kwenye sinkrotroni (mtambo wa eksirei ambazo nishati yake unaweza kuichagua), pima ukanda wa valensi, yaani elektroni za nje zinazounda vifungo, kwa fotoni za karibu na 460 eV, zinazoamsha elektroni kutoka Ti 2p kwenda Ti 3d: sehemu yake ya chini, yenye nishati kubwa ya mshikamano, hung'aa zaidi, na huko ndiko Ti 3d imechangia kifungo.